SEHEMU YA 9: BANGO LA WODI SI BANGO LA HARUSI

Wiki iliyopita niligusia kwamba mdogo wangu amefungua duka la kuchapa mabango, basi maswali yakamiminika: nesi na mabango wapi na wapi? Leo nawajibu, na mwenye duka kama hilo asome mpaka mwisho.

Kwanza habari ya hela. Mkopo wa mashine umetoka kwenye kikoba chetu na mdhamini ni mimi. Duka likiyumba, Jumamosi tutasomwa majina wawili. Kwa hiyo alipokaa na daftari kupanga anunue rola gani, mwenzenu nilivuta kiti nikakaa naye. Baada ya mashine na wino, hela iliyobaki ilitosha aina tatu tu za kuchapia.

Aina ya kwanza haikuwa na ubishi: turubai la plastiki, lile la mabango ya barabarani. Hilo hupimwa kwa gramu kwa kila mita ya mraba. La gramu 280 au 340 linafaa harusi, mahafali, mkutano wa siku mbili. La kuning'inia nje miezi, kwenye upepo, tafuta 440 au 510, likunjwe pembeni na kutiwa pete za chuma. Kinyume chake ni kumpa mteja kitu kitakachochanika wiki ya pili, na jina litakalochafuka si la turubai.

Ugomvi ulikuwa kwenye stika. Dogo alitaka ya bei ya chini kabisa, ichukue kazi zote. Zikiwa dukani kweli zinafanana: zote nyeupe, zote zina gundi. Lakini ile rahisi imetengenezwa kwa plastiki iliyokandamizwa na kuvutwa kwenye mitambo hadi ikawa nyembamba. Plastiki hiyo ni kama haisahau ilivyovutwa, ikipigwa joto inataka kurudi. Ndiyo maana unaona stika imesinyaa na pembeni imebaki mistari ya gundi yenye vumbi jeusi. Ya daraja la kati husinyaa kidogo tu. Ya juu humiminwa ikiwa majimaji kisha hukaushwa, haikuvutwa, kwa hiyo hulala vizuri hata kwenye mikunjo ya gari. Bei yake nayo imesimama wima!

Hapo ndipo nikamwambia: mdogo wangu, mtu akija wodini akasema "nipe dawa ya kidonda", simpi kitu kabla sijakiona kidonda. Wewe unampaje mtu stika kabla hujajua inakwenda kubandikwa wapi?

Sikia mambo ya wodini. Ukuta wetu unafutwa kwa klorini ya asilimia 0.5. Meza na milango inapigwa spiriti. Sasa chukua stika iliyochapwa kwa wino wa eko-solventi, usiiwekee kitu juu, ifute kwa spiriti mara kadhaa. Wino unaondoka na kitambaa! Tangazo la kunawa mikono juu ya sinki linabaki na mikono isiyo na vidole. Dawa yake ni laminesheni, ule utando wa plastiki angavu unaobandikwa juu. Na usiubandike wino ukiwa mbichi. Iache stika ipumue angalau siku nzima, maana kemikali ya wino ikifungiwa ndani gundi inalegea na kingo zinajikunja. Mteja mwenye haraka atakasirika, mwache akasirike leo.

Halafu laminesheni yenyewe isiwe ya kung'aa. Korido zetu zina taa ndefu za darini. Bibi mwenye mtoto wa jicho akitazama bango linalong'aa anaona taa tu, maandishi haoni. Isiyong'aa inasomeka.

Sasa jua. Kwenye kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi, getini palikuwa na bango la kuelekeza wodi ya wazazi. Maneno yalikuwa meusi, mshale mwekundu. Kwenye mabango ya kuchapwa, wekundu hutokana na wino wa waridi na wa njano, na hizo mbili ndizo hutangulia kupauka juani. Maneno yakabaki, mshale ukaondoka. Usiku mmoja baba mmoja alizunguka na mkewe mwenye uchungu mpaka upande wa stoo, kwa sababu bango lilimwambia wodi ipo bila kumwambia iko wapi. Walifika salama, tunashukuru. Lakini mama yule alitembea hatua ambazo hakupaswa kuzitembea.

Kwa hiyo mshale wa dharura usiuchape. Ukate kwenye stika ambayo ni nyekundu yenyewe, rangi ikiwa ndani ya plastiki. Inakaa juani muda mrefu kuliko wino. Na ile miaka iliyoandikwa kwenye maelezo ya rola isome kwa akili, mara nyingi imepimwa kwa bango lililosimama wima kwenye nchi za baridi. Jua letu si la kule.

Basi tukakubaliana: turubai zito, stika ya daraja la kati, na laminesheni isiyong'aa. Ile rahisi kabisa atanunua kwa mita kazi ikija.

Mteja mkubwa wa kwanza akawa zahanati moja binafsi, mabango 22, na anataka bei ya chini kuliko zote. Dogo akanipigia, sauti imekauka: dada, nikimkatalia anaondoka. Nikamwambia usimkatalie, muulize. Litakaa wapi? Litafutwa na nini? Nani atalisoma? Kwa muda gani? Ikaonekana 13 ni ya ofisini na kwenye korido kavu, hakuna maji wala jua, hayo yakachapwa kwa stika rahisi. Tisa ya kwenye sinki, chumba cha sindano, maabara na getini yakapata kinga yake, na mishale ikakatwa. Jumla ilizidi bei aliyotaka, ila si sana, na akalipa. Marejesho ya mwezi huo yakatoka kwa wakati.

Wewe mteja nawe, ukienda kuchapisha, usiulize bei peke yake. Mwambie fundi bango linakwenda kuishi wapi. Asipokuuliza maswali yale manne, jiulizie mwenyewe.

Sehemu ya 10 ni Alhamisi, tutaongelea presha ya wajawazito. Maswali ya leo wekeni hapa chini, nikitoka zamu nitajibu.