Hesabu ya Gĩcaamba

Baba alitoka magharibi ya Kenya, na Kigĩkũyũ chake kilikuwa cha kununulia sukuma wiki tu. Hata hivyo, mwaka 1977, tukiishi kwenye laini za shamba la chai upande wa Tigoni, kila Jumapili alasiri alikuwa akituongoza kwa miguu hadi Kamĩrĩĩthũ, Limuru, kutazama watu wakijenga jukwaa huku wakijifunza mchezo.

Jukwaa lenyewe vijana walilipanga kwanza kwa njiti za kibiriti. Baadaye likainuka kweli: ulingo wa nusu duara, ukuta wa mianzi nyuma yake, viti virefu vya mbao vilivyopanda kama ngazi, na juu hakuna paa. Mazoezi yalikuwa wazi kwa yeyote. Mzee angeweza kusimama katikati ya wimbo na kusema hauimbwi hivyo, akauimba mwenyewe, na waigizaji wakamfuata.

Mchezo uliitwa *Ngaahika Ndeenda*, wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Kĩgũũnda, kibarua wa shambani, ana ekari moja na nusu, na hati ya kiwanja hicho ameitundika ukutani. Tajiri Kĩoi na wenzake wanakitaka ili wajenge kiwanda cha dawa ya wadudu. Wanamvuta mnyonge huyu afunge ndoa ya kanisani, wanampa mkopo kwa dhamana ya hati ile, na ardhi inakwenda. Lakini aliyenishika mimi ni jirani yake, Gĩcaamba, mfanyakazi wa kiwandani, anayeeleza zamu za usiku na mchana na mwili unavyoliwa na kazi.

Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika jinsi maneno ya Gĩcaamba yalivyopatikana. Wafanyakazi wa kiwanda cha viatu waliketi wakapiga hesabu, maana hawakutaka mwenzao achekwe jukwaani kwa kukosea mambo ya kazi. Wakagundua kwamba viatu vya siku moja vilitosha kulipa mshahara wa mwezi mzima wa watu wote 3,000. Siku zilizobaki walikuwa wanamfanyia kazi mwenye kiwanda.

Katika mazoezi, jirani yetu alikuwa akimtafsiria Baba kwa kunong'ona, kwa Kiswahili. Waigizaji walipofika kwenye hesabu hiyo Baba alimshika mkono.

"Ni kweli hiyo?"

"Mzee, hao hawaigizi. Kesho asubuhi wanaingia zamu."

Maonyesho yalifunguliwa Oktoba 2. Siku moja mvua ilinyesha, watu wakakimbilia kujikinga. Ilipoacha, viti vikajaa tena. Ikanyesha tena, na hawakuenda nyumbani. Novemba 16 leseni ikafutwa. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akakaa kizuizini karibu mwaka mzima bila kushtakiwa. Mwaka 1982 kundi lilipojaribu tena na mchezo mwingine, *Maitũ Njugĩra*, likakuta milango ya Kenya National Theatre imefungwa, na Machi polisi wakaubomoa uwanja wa Kamĩrĩĩthũ.

Nilipokuwa mwalimu, tamthilia ya wanyonge ilikuwa imehamia darasani. Nilisoma *Nitaoa Nikipenda*, tafsiri ya mchezo ule, nikiwa peke yangu kitandani, si kama tulivyoupokea Kamĩrĩĩthũ. Baadaye nilifundisha *Mstahiki Meya* ya Timothy Arege, ambamo wafanyakazi wa Baraza la Cheneo wanagoma. Wanafunzi wangu waliujua mgomo ule vizuri ajabu: sababu zake, athari zake, tamathali zake, alama 20. Vikundi vya waigizaji vilikuja shuleni na maleba mazuri, ukumbi ukashangilia, na kengele ilipolia tukarudi kwenye hisabati. Siwadharau wanafunzi hao. Pengine bila mtihani wasingeusikia mgomo wowote. Ila sikuwahi kumwona mwanafunzi akisimama kusema kazi haifanywi hivyo.

Mei 2022 *Ngaahika Ndeenda* ikarudi, ndani ya Kenya National Theatre ileile, kwa Kiingereza na kwa Kigĩkũyũ, Stuart Nash akiiongoza. Nililipa tiketi, nikakaa kwenye kiti laini. Aliyemwigiza Gĩcaamba alikuwa hodari kuliko yeyote wa 1977, naye alisikilizwa kwa adabu kubwa. Adabu hiyo ilinikera, sijui nimlaumu nani.

Mpwa wangu hushona suruali katika eneo la viwanda vya kuuza nje, Athi River, kwa mkataba wa miezi michache michache. Nilimsimulia hesabu ya viatu, nikamwuliza wao hushona suruali ngapi kwa siku.

"Mjomba, mimi ni mifuko tu. Mifuko ya nyuma." Idadi ya mifuko aliijua barabara, maana ndiyo lengo analopewa. Bei ya suruali hakuijua, wala nchi inakovaliwa. Baada ya kitambo akasema kuna dada hubandika lebo za bei mwisho wa laini, hupanda naye matatu moja jioni, atamwuliza.