Nukta Nyekundu

Galaksi za mbali kabisa hazina sura ya kukushtua. Kwenye skrini ya laptopu yangu, JADES-GS-z14-0 ni kadoa tu, ungekapangusa ukidhani ni vumbi. Mwanga wake ulianza safari ulimwengu ukiwa na miaka kama milioni 290, ukatembea zaidi ya miaka bilioni 13. Dunia haikuwepo. Jua pia.

Namna ya kuzisaka ndiyo hunipa raha: unatafuta kinachokosekana. Ulimwengu ukipanuka huvuta mwanga, hivyo miale ya urujuanimno iliyotoka huko hutufikia ikiwa infraredi. Ndiyo maana darubini ya James Webb, na kioo chake cha mita 6.5, ilipelekwa kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, kwenye baridi. Haidrojeni iliyo njiani nayo humeza mawimbi mafupi. Basi unapitia filta moja baada ya nyingine: haipo, haipo, haipo, halafu pap! Iko.

Ila vumbi nalo huigiza. CEERS-93316 ilidhaniwa mwaka 2022 kuwa imevunja rekodi. Spektra ikaonyesha ni ya miaka kama bilioni 1.2 baada ya Mlipuko Mkuu. Sio mchezo.

Nyumbani hakuna anayeuliza habari za spektra. Mzee aliuza ng'ombe wawili ili nisome uzamili, na juzi akanipigia simu, akauliza kwa ule upole unaouma kuliko kelele: "Sasa hizo nyota, mwanangu, zitakuandika kazi?"

Ningemwambia data nyingi ya Webb ni bure, kwamba mtu wa Kahawa West mwenye bando huifungua sawa na mtu wa Baltimore. Lakini bure haijawahi kulipa karo ya ndugu yangu.

Nikamwambia kuhusu oksijeni. Mwaka 2025 ilitangazwa kwamba darubini ya ALMA, kule Chile, imeiona ndani ya kale kadoa. Oksijeni hupikwa ndani ya nyota, husambaa zikifa. Yaani mapema hivyo, tayari kulikuwa na nyota zilizozaliwa, zikaishi, zikafa.

Akanyamaza, hadi nikadhani simu imekatika.

"Ndiyo hii tunayovuta?"

"Hapana, baba. Yetu ilitoka kwa nyota zingine, za huku."

"Nazo zilikufa?"

"Zilikufa."

Akasema sawa. Akasema shule zinafunguliwa Jumatatu.