Nishati ya Kigari Huenda Wapi?

Bila shaka umewahi kutengeneza gari la waya, au gari la kopo lenye magurudumu yaliyokatwa katika kandambili kuukuu. Ulilisukuma, nalo likaenda. Ulipoacha kulisukuma, likasimama. Je, ulijiuliza nishati uliyolipa ilikwenda wapi? Nilipokuwa mwalimu wa sayansi katika shule moja ya sekondari mkoani Morogoro, tulilichunguza swali hilo kwa kutumia kigari cha mashindano. Nitakueleza tuliyoyaona, nawe utayapima mwenyewe mwishoni mwa somo.

Kigari hicho ni cha aina iitwayo bagi. Bagi ni gari jepesi lenye matairi mapana, lililoundwa ili lipite mahali pasipo na barabara: mchangani, juu ya mawe na juu ya matuta. Huko California, Marekani, Bwana Bruce Meyers aliunda bagi mashuhuri mwaka 1964. Lilikuwa na bodi nyepesi ya nyuzi za kioo, na mashine yake ilitoka katika gari dogo la Volkswagen. Baadaye viwanda vya Japani vikaunda vibagi vidogo vya kushindania. Mwaka 1984 kiwanda cha Tamiya, katika mji wa Shizuoka, kilitoa kibagi kilichoitwa Grasshopper, yaani Panzi. Vibagi vya namna hiyo ni sehemu moja ya kumi ya gari halisi. Gari likiwa na urefu wa mita 4, kibagi chake huwa na sentimita 40.

Kibagi hakina dereva ndani yake. Mchezaji husimama kando na kukiongoza kwa mawimbi ya redio. Maarifa hayo ni ya zamani. Mwaka 1898 Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York mashua ndogo iliyoongozwa kwa njia hiyo.

Kibagi chetu kilikuwa kimoja tu, na wanafunzi wa chama cha sayansi walikuwa 40. Kilikuwa zawadi ya rafiki yangu aliyetoka Japani, nacho kilifika kikiwa vipande vipande ndani ya sanduku. Vipuri vyake havikuuzwa mjini kwetu. Sehemu moja ikivunjika, tulingoja miezi mingi mpaka apatikane msafiri wa kutuletea nyingine, na muda wote huo wanafunzi 40 walikosa chombo cha kujifunzia. Kwa hiyo tulikuwa na haja mbili: kigari kiende mbio, na kigari kidumu. Ili tupate yote mawili, ilitupasa kufuata nishati hatua kwa hatua.

Msuguano ulio adui

Nishati ya kibagi hutoka katika betri. Mota huigeuza nishati ya umeme kuwa mwendo. Mota huzungusha gia ndogo, gia ndogo huzungusha gia kubwa, na gia kubwa huzungusha magurudumu ya nyuma. Kama gia ndogo ina meno 20 na gia kubwa ina meno 80, gia ndogo huzunguka mara 4 ndipo kubwa izunguke mara 1. Kwa njia hiyo mwendo wa kuzunguka hupungua, lakini nguvu ya kuzungusha huongezeka, na kigari huweza kupanda kilima.

Katika safari hiyo sehemu ya nishati hugeuka kuwa joto kwa sababu ya msuguano. Ukikigusa kigari baada ya mbio utaona kuwa mota ina joto. Joto hilo ni nishati ambayo haikufika kwenye magurudumu.

Tulipunguza msuguano kwa njia mbili. Kwanza, ekseli zilikuwa zikizunguka ndani ya vipete vya plastiki. Tuliviondoa, tukaweka beringi. Ndani ya beringi mna gololi za chuma, na kitu kinachobingirika hupata msuguano mdogo kuliko kitu kinachojikwaruza. Tulichagua beringi zilizofunikwa pande zote mbili ili vumbi lisiingie.

Pili, tulirekebisha nafasi kati ya gia mbili. Gia zikibanana mno, hukwaruzana na kupata joto. Zikiachana mno, meno hugongana na kukatika. Mafundi wa vibagi wana njia nyepesi ya kupima nafasi hiyo. Huweka ukanda wa karatasi nyembamba kati ya meno, huisogeza mota mpaka gia zishikane na karatasi, kisha hukaza skrubu. Wakiivuta karatasi, nafasi inayofaa hubaki.

Zingatia jambo moja. Gia zilizo wazi hazipakwi grisi nyingi mahali penye mchanga. Mchanga hunata kwenye grisi, na mchanganyiko huo hukwangua meno kama msasa.

Msuguano ulio rafiki

Sasa kifikirie kibagi kikiruka tuta. Kikianguka chini, nishati ya anguko lazima iende mahali fulani. Kila gurudumu lina springi. Springi hubonyea na kuipokea nishati hiyo. Lakini springi haiimalizi. Huirudisha, na kigari hurukaruka kama mpira. Matairi yakiwa hewani, kigari hakiongozeki wala hakisukumiki mbele.

Ndiyo maana pamoja na springi huwekwa kizuia-mtikiso, ambacho mafundi wetu hukiita shokapu. Shokapu bora ni mrija uliojaa mafuta. Ndani yake mna kisahani chenye vitundu vidogo. Springi inapobonyea au kufunguka, kisahani husukumwa ndani ya mafuta, nayo mafuta hulazimika kupita katika vitundu kwa shida. Shida hiyo ni msuguano, na msuguano huigeuza nishati ya anguko kuwa joto.

Waona sasa: katika ekseli msuguano ulikuwa adui, na katika shokapu ni rafiki. Ufundi ni kujua wapi uupunguze na wapi uuongeze.

Mafuta mazito hukizuia zaidi kisahani, na mafuta mepesi hukizuia kidogo. Mafuta yakiwa mepesi mno, kigari hurukaruka. Yakiwa mazito mno, magurudumu hayashuki upesi kufuata mashimo. Siku za joto kali mafuta hulegea, kwa hiyo washindani wengi hutumia mafuta mazito zaidi.

Kuimarisha si kukaza kila kitu

Siku moja kibagi kiligonga jiwe, na mkono wa plastiki unaoshika gurudumu la mbele ukavunjika. Tulipopata mkono mpya, mwanafunzi mmoja alishauri tuufungie kipande cha chuma. Wengi walikubali. Chuma kilifungwa, na kigari kikagonga jiwe tena. Mkono haukuvunjika. Kilichopasuka ni fremu, pale skrubu za mkono zilipoingia.

Wanafunzi walikaa kimya wakiitazama fremu. Kisha msichana mmoja akasema, "Mwalimu, chuma hakikuiondoa nguvu. Kimeipeleka nyuma tu."

Alisema kweli. Mkono wa plastiki hupinda kidogo, na kupinda huko hupokea sehemu ya nishati. Mkono wa chuma haukupinda, basi nguvu yote ikafika kwenye fremu. Tuliiunga fremu kwa gundi na kibao chembamba. Tukakiondoa kile chuma, na mbele ya kigari tukafunga bampa pana la sponji iliyokatwa katika godoro kuukuu. Sponji hubonyea polepole, kwa hiyo kigari husimama kwa muda mrefu zaidi kidogo, na nguvu ya pigo hupungua. Ndivyo ilivyo pia kwa miguu yako: ukiruka chini, kutua mchangani huumiza kidogo kuliko kutua kwenye saruji.

Tulijiwekea kanuni moja: kubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja, kujaribu, kisha kuandika. Ukibadili mafuta, gia na matairi kwa siku moja, kigari kikaenda vizuri, hutajua ni lipi lililosaidia.

Jaribio

Vifaa: gari lako la waya au la kopo, ubao, matofali mawili, mafuta kidogo ya kula, na rula.

1. Inua ncha moja ya ubao kwa matofali. Achia gari kutoka juu bila kulisukuma.
2. Pima umbali liliokwenda kutoka mwisho wa ubao. Rudia mara 3 na uandike.
3. Tia tone la mafuta kwenye kila ekseli. Rudia vipimo.
4. Funga kipande cha sponji mbele ya gari. Liachie ligonge tofali, kisha uondoe sponji na ujaribu tena. Andika tofauti uliyoiona.

Maswali

1. Kwa nini mota hupata joto baada ya mbio?
2. Taja mahali pamoja ambapo msuguano hufaa na mahali pamoja ambapo haufai katika baiskeli.
3. Kwa nini fremu ilipasuka baada ya mkono kufungiwa chuma?
4. Katika jaribio lako, kwa nini ubao ulipaswa kubaki na mwinamo uleule?