Wavamizi Waliokuja kwa Miguu

Katika Nyanda za Juu Kusini, baridi ya Juni na Julai huwaingiza watu ndani mapema. Baada ya sala ya Isha, familia nyingi za Mbeya na Iringa hukaa sebuleni zikiwa zimejifunika mablanketi, na kwa kuwa watoto wako likizo, runinga hushika nafasi ambayo zamani ilikuwa ya ngano za bibi. Sisi wazazi tumezoea kujiuliza ni filamu zipi watoto wetu wasizitazame. Ni mara chache tunajiuliza tuwaambie nini filamu inapokwisha. Tunaandika haya kwa sababu ya filamu moja iliyotuchosha mno, ambayo hata hivyo ilizaa maswali yaliyotushughulisha likizo nzima.

Filamu hiyo ilitengenezwa Marekani mwaka 2005 na kampuni ya The Asylum, inayojulikana kwa kutoa filamu za gharama ndogo zinazofanana na zile kubwa zinazosubiriwa na watu. Mwaka huo Steven Spielberg alikuwa akitoa War of the Worlds, yaani Vita vya Walimwengu, na The Asylum wakatoa ya kwao wiki hiyohiyo. Zote mbili zimetokana na riwaya ya Mwingereza H. G. Wells. Iliyotufikia sisi, katika diski moja iliyosheheni filamu nyingi, ni ile ya gharama ndogo.

Kisa chake ni kifupi. Viumbe kutoka sayari nyingine wanaishambulia dunia, na mtaalamu wa nyota anatembea kwa miguu kuelekea Washington kumtafuta mkewe na mwanawe. Kwa kuwa fedha zilikuwa haba, wavamizi wenyewe huonekana kwa nadra. Kinachoonekana zaidi ni watu wakitembea, wakijificha, wakizungumza, kisha wakitembea tena. Nusu saa haikutimia kabla mtoto mkubwa hajasinzia, na mama akarudi kwenye ungo wake wa maharage.

Mtoto wetu wa kati, mwenye miaka 10, alivumilia hadi mwisho. Ndipo akauliza: “Baba, kwani hao walikuja kwa nini?” Filamu haikuwa imejibu. Mdogo wake, ambaye tulidhani amelala, akatoa kichwa chini ya blanketi na kuuliza la kwake: “Na huku wanaweza kuja?” Usiku ule alikataa kutoka peke yake uani kuchukua udhu.

Tulianza na swali la mdogo, maana hofu ya mtoto haingoji. Tulimwambia kwamba kila siku katika sala anamtaja Mwenyezi Mungu kuwa ni Mola wa walimwengu wote, na kwamba Suratu Shura, aya ya 29, inatufahamisha kuwa ni Yeye aliyeeneza viumbe katika mbingu na ardhi. Wawe ni viumbe gani, na wawe wapi, hakuna aliye nje ya milki Yake. Kisha tukaona kwamba maneno yangemwingia vizuri zaidi kama angekigusa kwa mkono wake kitu kilichotoka angani kweli.

Kitu hicho hakiko mbali nasi. Ukitoka Mbeya mjini unafuata barabara kuu ya Tunduma hadi Mbozi, ambayo siku hizi iko katika Mkoa wa Songwe, kisha unaiacha lami kuelekea kilima cha Marengi. Hapo ndipo kilipo Kimondo cha Mbozi, bonge la chuma na nikeli lenye urefu wa takriban mita 3 na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Wataalamu walikitambua mwaka 1930. Njiani tuliwakumbusha watoto kwamba Suratul Hadid inataja kuteremshwa kwa chuma na manufaa yake kwa watu. Wanazuoni wamelifafanua neno hilo la kuteremshwa kwa njia zaidi ya moja, nasi hatukutaka kukifanya kimondo kuwa hoja ya ubishi. Mdogo aliweka kiganja chake juu ya chuma kile cha baridi, akakaa kimya kidogo, akasema, “Kumbe kimetulia tu.” Tangu siku hiyo akawa anakwenda uani mwenyewe.

Swali la kaka yake lilibaki, nalo lilikuwa zito zaidi. Katika nyumba yetu mama ni Mhehe wa Iringa na baba ni Msangu wa upande wa Mbeya. Tuliamua swali hilo alipeleke kwa wazee wa pande zote mbili.

Bibi mzaa mama, anayeishi karibu na Kalenga, hakuitazama filamu ile na wala hakuhitaji kuitazama. Alimwambia mjukuu wake: “Waliokuja huku, mume wangu, hawakutoka angani. Walikuja kwa miguu, na babu zako waliwaona wakija.” Akamsimulia habari za Wajerumani na Mtwa Mkwawa. Tarehe 17 Agosti 1891, kikosi cha Emil von Zelewski kilishambuliwa na Wahehe huko Lugalo. Zelewski mwenyewe akauawa pamoja na sehemu kubwa ya watu wake. Mwaka 1894 Wajerumani walirudi na mizinga, wakaibomoa ngome ya Kalenga. Mkwawa aliendelea kupigana akiwa porini hadi tarehe 19 Julai 1898, alipojipiga risasi ili asikamatwe. Kichwa chake kilikatwa, na fuvu likapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulitaka lirudishwe, lakini halikufika Kalenga hadi mwaka 1954, lilipoletwa na Gavana Edward Twining. Liko pale katika makumbusho hadi leo, na mtoto wetu alisimama mbele yake.

Tulipokuwa pale tulimweleza jambo ambalo wengi hawaliangalii. Riwaya ile ya Wells ilitoka kuwa kitabu mwaka huohuo wa 1898. Wakati Waingereza wakisoma kwa woga kisa cha kubuni cha wageni wenye silaha zisizozuilika, katika vilima vya Uhehe kisa hicho kilikuwa maisha ya watu. Wells mwenyewe aliujua ulinganisho huo, kwani mwanzoni mwa kitabu chake anawakumbusha wasomaji jinsi Wazungu walivyowaangamiza wenyeji wa Tasmania. Katika filamu tuliyoitazama hatukuusikia ukumbusho huo. Vilibaki vishindo na mbio tu.

Mtoto alitoka Kalenga akiwa na hakika. Wavamizi ni wao, wavamiwa ni sisi. Hakika hiyo ilidumu hadi tulipofika Usangu kwa babu yake mzaa baba.

Babu alimsikiliza hadi mwisho, akampongeza kwa kuzishika tarehe. Kisha akasema kwa upole: “Bibi yako amekueleza kweli tupu. Sasa kamuulize, Wasangu walifukuzwa Utengule na nani?” Akamsimulia kwamba katika karne ile ya 19, kabla Wajerumani hawajafika, Wahehe waliwapiga Wasangu na kuwatoa katika makao yao, hata watawala wao walioitwa Merere wakahamia upande wa Usafwa, karibu na Mbeya ya leo. Wajerumani walipokuja kupigana na Mkwawa, Merere akaungana nao, na Wasangu wakapata kurudi Utengule. Kilichoitwa uvamizi Kalenga kilikuwa, kwa Wasangu wengi, njia ya kurudi nyumbani.

Mtoto alinyamaza. Halafu akauliza, akitutazama sote wawili: “Sasa mimi ni mvamizi au mvamiwa?”

Ndugu msomaji, hapo ndipo tulipoona kwamba jambo si filamu tena. Tulipooana, wazee wa pande zote mbili walikumbushana mambo hayo kwa utani, na utani una mizizi. Mtoto akikua na hadithi ya upande mmoja tu, atajifunza kuwachukia nusu ya jamaa zake bila kujua. Akiambiwa kwamba hayo yamepita na hayana maana, atajifunza kuwa dhuluma ikizeeka inakuwa halali. Njia zote mbili ni mbovu.

Wala sisi Waislamu hatuna haki ya kujitoa katika hesabu hiyo. Miongoni mwa askari waliolijenga jeshi la Wajerumani katika nchi hii walikuwamo Wasudani walioandikishwa Misri mwaka 1889, na wengi wao walikuwa Waislamu. Walitamka shahada ileile tunayoitamka sisi, na bunduki zao zilielekezwa kwa watu waliokuwa katika ardhi yao. Hilo nalo tulimweleza mtoto, ingawa lilitusumbua kulisema.

Kisha tukamjibu kwa mafundisho ya Mtume wetu (S.A.W.). Alituamrisha kumsaidia ndugu yetu, awe dhalimu au mdhulumiwa. Maswahaba walipouliza dhalimu anasaidiwaje, akawafahamisha kuwa ni kwa kumzuia asidhulumu. Na Suratul Maida, aya ya 8, inatukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu fulani. Kwa hiyo, mwanangu, tulimwambia, damu yako imetoka kwa wote wawili, na hukumu yako isitoke kwa damu. Mkwawa alidhulumiwa Kalenga, Wasangu walidhulumiwa Utengule, na ukweli mmoja haufuti mwingine.

Babu akaitikia, “Hapo sawa.” Akampa muhindi wa kuchoma.

Tumekuwa tukizipima filamu kwa mavazi ya waigizaji na lugha wanayoitumia, na kupima huko ni wajibu wetu, tusiuache. Lakini filamu ile haikuwa na aibu nyingi za aina hiyo. Upungufu wake mkubwa ni kwamba ilitupa adui asiye na sura, asiye na sababu wala historia, ili mtazamaji awe upande wa haki bila kufikiri. Mtoto anayelelewa kwa hadithi za namna hiyo atamtafuta adui wa namna hiyo hata mtaani kwake, na atampata kwa jirani wa kabila jingine au mwenye dini tofauti.

Siku hizi filamu ikiisha nyumbani kwetu, iwe nzuri au ya kuchosha, hatuzimi runinga na kuwafukuza watoto wakalale. Tunawauliza swali lilelile la mwenzao: hawa walikuja kwa nini, na waliovamiwa wangekisimulia vipi kisa hiki? Mwenyezi Mungu atujaalie watoto wenye mazoea hayo, ili siku watakapogonga mlango wa mtu mwingine, kwa biashara, kwa cheo au kwa siasa, wajiulize wenyewe kabla hawajaingia: mimi hapa nimekuja kwa nini?