Kutabiri Washindi

Kabla ya marathoni ya dunia huko Tokyo, tarehe 15 Septemba 2025, wenzangu hapa Ilula waliwagawia Wakenya na Waethiopia medali zote. Mimi nilimtaja Alphonce Simbu wa Singida. Walinicheka, wakasema mapenzi ya nchi yamenipofusha. Niliwajibu kwa hesabu: mwaka 2017 alipata shaba London, na Aprili 2025 alikuwa wa pili Boston.

Simbu na Petros wa Ujerumani walimaliza kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48 sawasawa; Simbu akashinda kwa sehemu 3 tu za sekunde katika 100. Aouani wa Italia akawa wa tatu. Ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo.

Ndugu wasomaji, atabiriye na atazame kazi ya mtu, wala asione haya kumtaja wa kwao.