Vya Kuangalia Shepparton

Kijana wa hapa Kakuma akisikia kesi yake imepelekwa Australia, anaona picha moja tu kichwani: nyumba ya matofali, gari, na kangaruu anaruka barabarani. Ukimuuliza mji gani, atakujibu Sydney. Mimi nafanya kazi na vijana, na nimeona wengi wakiacha masomo ya kompyuta au ya kushona katikati kwa sababu "mimi ni wa kwenda." Mwaka unapita, wa pili unapita, na bado wanangoja mahali ambapo hawajui hata mto wake unaitwaje.

Kwa hiyo nimeamua kueleza mji mmoja mdogo, Shepparton, na vitu vya kuangalia ndani yake. Yaya yangu anaishi huko na watoto wake wanne. Mimi na mama bado tuko hapa, kesi yetu haijasogea. Ninayoandika yametoka kwenye sauti na video anazotutumia WhatsApp, na mengine nimeyasoma mwenyewe, kwa sababu mimi sipendi kuambiwa tu.

Shepparton iko jimbo la Victoria, kusini mwa Australia, karibu kilomita 180 kaskazini ya Melbourne. Wakaaji ni kama 50,000. Sisi wa Kakuma na Kalobeyei tukihesabiwa pamoja tunawazidi mara kadhaa. Ni mji wa matunda na maziwa. Mwaka 1917 wakulima waliungana wakaanzisha kampuni ya kusindika matunda, SPC, na mpaka leo pea na pichi za makopo zinatoka huko. Kazi ya kuchuma matunda imewavuta watu wa kila aina: Waalbania, Waitaliano, Waturuki, baadaye Wairaki na Waafghani. Mwaka 2005 serikali ilipeleka familia kama kumi za Wakongo, kujaribu kama wakimbizi wanaweza kuishi vizuri nje ya miji mikubwa. Kwa hiyo Kiswahili kimeshafika huko kabla yako.

Tuanze na kitu cha kuchekesha. Kwenye bustani za mji kuna ng'ombe wa sanamu, ukubwa wa ng'ombe wa kweli, wamepakwa rangi za kila namna na wasanii. Mmoja ana maua mwili mzima, mwingine ana picha za watu. Wanahamishwa kutoka bustani moja hadi nyingine, kwa hiyo ukirudi baada ya muda unakuta wengine. Tulipopata video, mama, ambaye baba yake alifuga, aliangalia mpaka mwisho halafu akauliza: "Sasa hao wanakamuliwa lini?"

Karibu na katikati ya mji kuna ziwa la Victoria Park, na kando yake jumba la sanaa ambalo watu wanaliita SAM. Lilifunguliwa mwaka 2021, ni la ghorofa tano, na juu kabisa unasimama ukaona ziwa lote. Ndani kuna vyombo vingi vya udongo, na kazi za wasanii wa Yorta Yorta, ambao ndio wenyeji wa kwanza wa ardhi hiyo. Kuingia ni bure. Yaya alikaa miezi mingi akipita nje tu, akifikiri si mahali pake. Siku alipoingia na watoto alinitumia sauti fupi: "Mdogo wangu, hakuna mtu aliyeniuliza karatasi mlangoni." Nyinyi mnaosoma hapa kambini mnaelewa kwa nini nilisikiliza sauti hiyo mara tatu.

Kuna pia msikiti wa Waalbania. Wazee wao walianza kufika miaka ya 1920, wakafanya kazi za mashamba, na mwaka 1960 msikiti ukafunguliwa. Unatajwa kuwa wa kwanza katika jimbo zima la Victoria. Sisi si Waislamu, lakini yaya anapenda kuwaonyesha watoto. Anawaambia: hawa walikuja bila lugha, kama sisi, na angalieni wamejenga nini.

Sasa nakuja kwenye vitu ambavyo mimi ningevitafuta kwanza.

Kwenye ukuta mmoja mkubwa mjini kuna picha ya sura mbili. Moja ni Sir Doug Nicholls, aliyekuwa mchezaji mpira, kisha mchungaji, na mwaka 1976 akawa gavana wa jimbo la South Australia, mwenyeji wa kwanza wa asili kupata cheo hicho. Nyingine ni William Cooper, mzee wa Yorta Yorta. Tarehe 6 Desemba 1938, Cooper aliongoza watu wake mpaka ubalozi mdogo wa Ujerumani mjini Melbourne kupeleka barua ya kupinga mateso ya Wayahudi. Barua haikupokelewa. Fikiria hilo. Watu wake wenyewe walikuwa hawana haki sawa katika nchi yao, na yeye akaenda kuwatetea watu wa mbali ambao hata hawamjui.

Doug Nicholls alizaliwa Cummeragunja, kituo cha serikali cha watu wa asili ng'ambo ya mto Murray, na Cooper pia aliishi hapo. Maisha ya kituo yalikuwa magumu: chakula kibovu, msimamizi mkali, ruhusa kwa kila jambo. Tarehe 4 Februari 1939 watu zaidi ya 150 walibeba vitu vyao, wakatoka, wakavuka mto kuingia Victoria. Miaka iliyofuata familia nyingi zilikwenda kukaa mahali panapoitwa The Flats, bondeni kando ya mto Goulburn, kati ya Shepparton na mji wa jirani, Mooroopna. Walijenga vibanda vya mabati ya kuokota na magunia. Walichuma matunda, walifanya kazi kiwandani, na mto ukifurika walihama. Mto huo kwa lugha yao unaitwa Kaiela.

Mwaka 1954 Malkia Elizabeth alipita barabara hiyo. Wazee wanasimulia kwamba kabla hajafika, magunia yalitundikwa kando ya barabara ili asione vibanda. Niliposoma hilo nilicheka, halafu nikanyamaza. Kambini tunajua siku za wageni wakubwa: takataka zinaokotwa, watoto wanapangwa mstari, na kuna njia ambayo gari halipiti. Mwaka 1958 zilijengwa nyumba 10 za zege kwa ajili ya watu wa The Flats, mahali palipoitwa Rumbalara, maana yake mwisho wa upinde wa mvua. Leo jina hilo linabebwa na shirika la wenyeji wenyewe na klabu yao ya mpira. Na The Flats unaweza kutembea kwa miguu, chini ya miti mikubwa ya mikaratusi.

Ukipata mtu mwenye gari, kama kilomita 20 kutoka Shepparton kuna mji mdogo wa Tatura wenye makumbusho ya kambi. Ndiyo, kambi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia eneo hilo lilikuwa na kambi za waya za wafungwa wa vita na raia wa nchi adui, hata familia zenye watoto. Kati yao walikuwemo Wayahudi waliomkimbia Hitler wakafika Uingereza. Mwaka 1940 Uingereza iliwakamata kwa kuwa wana asili ya Ujerumani au Austria, ikawasafirisha kwa meli ya Dunera mpaka Australia. Mkimbizi akafungwa kama adui. Humo ndani walifundishana masomo, walipiga muziki, walichora, walichonga vitu vya mbao. Baadhi ya vitu hivyo ndivyo vinavyoonyeshwa leo.

Nilipowaeleza vijana wangu haya Jumamosi moja, msichana mmoja aliuliza: "Kwa nini wanawaonyesha wageni mambo hayo? Si ni aibu yao?" Tulibishana karibu saa nzima. Mmoja alisema wanafanya biashara tu. Mwingine alisema wenyeji walipigania mpaka yakaonyeshwa, hayakutoka kwa huruma ya mtu. Mimi nilisema ningeona afadhali kuishi kwenye mji ambao nikiuliza "hapa palikuwa na nani?" kuna mtu wa kunijibu. Hapa Kakuma pia tumekaa juu ya ardhi ya watu, Waturkana, na wengi wetu tumekulia hapa bila kuuliza sana.

Sitaki mtu adhani Shepparton ni mbinguni. Yaya alilia miezi ya kwanza. Juni na Julai asubuhi majani yanakuwa meupe kwa baridi, na Januari joto linaweza kupita nyuzi 40, yaani la huku huku. Bila gari unabaki nyumbani. Oktoba 2022 mto ulifurika, nyumba nyingi zikaingia maji. Siku moja kwenye kituo cha basi mtu alimwambia arudi kwao. Yeye anasema kilichomsaidia ni kutembea na watoto kila Jumapili, sehemu moja baada ya nyingine, mpaka akaanza kusema "kwetu" bila kufikiri.

Kwa hiyo vijana, kama kweli ni wa kwenda, anzeni kuujua mji kabla ya ndege, na masomo msiyaache. Anayejua Kaiela ni mto wa nani atakuwa na la kuzungumza na jirani. Na wafanyakazi wa mashirika, mkituletea karatasi za maelekezo kuhusu basi, benki na namba ya polisi, tunashukuru. Ongezeni na ukurasa mmoja wa historia ya wenyeji.

Jumamosi ijayo kikundi chetu kitachukua Toowoomba. Mwenye ndugu huko aje na sauti, video, chochote alicho nacho. Mama yangu ameshasema atakuja kuuliza maswali.