Kipuri cha Saa Kuukuu

Aliyerithi kronografu kuukuu, saa ya mkono yenye akrabu za kupimia muda, amerithi na taabu ya vipuri vyake. Jina la usoni humpoteza njia. Heuer na Rolex zote mbili ziliwahi kutumia mtambo wa Valjoux 72, uliotengenezwa Uswisi toka 1938 hata 1974. Basi kipuri hakitafutwi kwa jina, hutafutwa kwa namba. Namba hiyo imechorwa bambani, chini ya gurudumu la mizani; fundi hodari huisoma kwa kioo kabla ya kugusa parafujo. Nyundo ndogo irudishayo akrabu mwanzo, ikitoka katika mtambo mwingine, huziacha kando ya alama, nayo saa husema uongo.

Bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa 1947. Mpango ulivunjika 1951, gati likafunguliwa 1954, reli ya Nachingwea ikafungwa 1962. Gati la karanga likapakia korosho bila manung'uniko. Saa haina uvumilivu huo. Mrithi asiyeweza kungoja atabaki na uso wa baba na moyo wa mgeni. Heri saa inyamaze sandukuni mpaka kilicho chake kipatikane.